Bomba na Milango Miwili

Mama yangu hufuga ng'ombe huko Bahati, kaskazini ya Nakuru, na kwa miaka mingi ameandika katika daftari lita za maziwa ya kila mmoja wao. Mwaka 2023 niliomba daftari lile nilipigie hesabu kwa kompyuta. Nia yangu ilikuwa njema, lakini maarifa yangu yalikuwa pungufu. Na upungufu huo nusura umpoteze ng'ombe wake bora.

Lugha ya kompyuta niliyotumia huitwa R. Katika lugha hiyo kazi ndogo ndogo huunganishwa kwa alama iliyo mfano wa bomba: tokeo la kazi ya kwanza hutiririka likaingia katika ya pili, na la pili katika ya tatu. Wazo hili si geni. Doug McIlroy wa Marekani alilitetea kwa miaka kadhaa, na mwaka 1973 mabomba yakatiwa katika mfumo wa Unix. R ilipata alama yake yenyewe, mstari wima ufuatwao na ncha ya mshale, mwaka 2021. Uzuri wake ni kuwa hesabu husomeka kwa utaratibu ule ule wa kutendeka kwake, kama maziwa yatokavyo kiweleni yakaingia ndooni, kisha yakachujwa, kisha yakatiwa mtungini.

Kazi yenye mlango mmoja haina matata. Matata huanza milango inapokuwa miwili, maana bomba halina macho ya kuchagua. Bomba la R humimina katika mlango wa kwanza. La Elixir hufanya vivyo hivyo. La F# hupeleka katika mlango wa mwisho. Kila lugha ina desturi yake, na mgeni asiyeuliza desturi hupotea.

Mimi nilitunga kazi nikaiita «badiliko». Mlango wake wa kwanza ulingoja maziwa ya sasa, wa pili ulingoja ya zamani, na kazi yenyewe ilikuwa kutoa ya zamani katika ya sasa. Kisha nikapitisha maziwa ya zamani katika bomba, na ya sasa nikayaandika ndani ya mabano. Kwa jicho la binadamu sentensi ilikuwa safi: chukua ya zamani, uyalinganishe na ya sasa. Lakini ya zamani yaliingia mlango wa kwanza, yakayasukuma ya sasa hadi wa pili. Ng'ombe aliyepanda kutoka lita 9 hadi 12 akaandikwa kuwa amepungua kwa 3. Kama ingalikuwa kujumlisha, kosa lisingalidhuru, kwani 9 na 12 ni sawa na 12 na 9. Kutoa hakusamehe. Wala kompyuta haikulalamika, maana ilipewa namba mbili kama ilivyotaka.

Nikamshauri mama amwuze ng'ombe yule. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake, akasema, «Mwanangu, ndoo ya huyu hujaa kila asubuhi. Mashine yako imekamua ng'ombe yupi?»

Niliona haya. Usiku ule nilirudia kila mstari nikaligundua kosa. Dawa yake ilikuwa ndogo: tangu mwaka 2022 R inakubali kistari cha chini kiwe alama ya mahali, mradi mlango utajwe kwa jina. Nikaandika «sasa» hapa, na «zamani» pale penye kistari, na bomba likajua njia.

Tangu siku hiyo, kazi yenye milango miwili siipi kitu bila kutaja jina la mlango. Tena huijaribu kwanza kwa ng'ombe mmoja ambaye jawabu lake nalijua. Aliyenifundisha hilo hajawahi kugusa kompyuta. Yeye huamini namba baada ya kuitazama ndoo. Ng'ombe yule yungali zizini.