Silabi Niliyomnyima Mwanafunzi

Jioni moja hapa Makole, mjukuu wangu anayejifunza Kifaransa alinisomea kivumishi "petit", chenye maana ya dogo. Herufi t ilikuwapo mwishoni mwa neno, lakini ulimini haikusikika. Alipofika kwenye "petit ami", t ile ile ikafufuka na kuanza silabi mpya: pe-ti-ta-mi.

"Babu, mbona maandishi ni yale yale na sauti inabadilika?"

Nikamjibu kwamba kivumishi hicho hutamkwa kwa kumtazama jirani yake. Jibu hilo likanirudia kama deni.

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha Kiswahili sekondari, mwanafunzi mmoja aliniletea shairi lenye mizani 8 katika kila kipande. Mahali pamoja aliandika: "Jirani mtu mbaya." Nikahesabu ji-ra-ni-m-tu-mba-ya, nikapata 7, nikapiga mstari mwekundu. Alisimama akasema kwa adabu, "Samahani Mwalimu, mimi napata nane." Nikamwamuru akae.

Wapenzi wa ushairi, hesabu yake ndiyo iliyokuwa sahihi. M katika "mtu mbaya" ni kiambishi cha ngeli, masalia ya mu- iliyopoteza irabu yake. Jirani zangu Wagogo hadi leo husema "munhu". Irabu imekwenda, lakini nafasi yake katika mizani imebaki, nayo m husimama peke yake: m-ba-ya. Katika "ndizi mbaya" mambo ni mengine. Hapo m imeshikamana na b, tunapata mba-ya, silabi 2 tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mbuni: ndege ana silabi 2, mti wa kahawa una 3. Jicho halioni tofauti, sikio huiona.

Wafaransa nao wana urithi kama huo. Katika "petite fille", mazungumzo ya kila siku huimeza e ya mwisho wa kivumishi, ilhali ushairi wao wa kimapokeo huihesabu: pe-ti-te. Ushairi hutunza kile ambacho ulimi wenye haraka umekiacha njiani.

Mwanafunzi yule sijamwona tena. Kama anasoma hapa, namrudishia silabi yake pamoja na radhi zangu. Siku hizi kijana akiniletea shairi, kwanza namwomba anisomee kwa sauti. Kalamu nyekundu husubiri.