Utenzi wa Kilatini

Bagamoyo, Jumamosi, 8 Machi 2025

Mazoezi ya kwaya. Tunaandaa Sanctus ya Missa de Angelis kwa ajili ya Pasaka, na sauti ya tatu bado wanaimba "Domínus", mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwetu. Kilatini silabi hiyo ikiwa fupi, mkazo unarudi nyuma: Dóminus, glória. Nimewaambia waache nota, watamke tu na kupiga kofi penye mkazo. Kanuni hii niliisoma kitabuni isikae. Leo imekaa mikononi.

Jumanne, 11 Machi

Guido wa Arezzo, mmonaki wa karne ya 11, alifundisha nota kwa wimbo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, vipande sita vya kwanza kila kimoja kikianza nota moja juu ya kilichotangulia. Do re mi tunazoandika ubaoni zina asili humo. Yeye alitoka kwenye Kilatini akafika kwenye nota. Mimi natoka kwenye nota nikitafuta Kilatini.

Usiku, sarufi. Upatanisho haunisumbui, aliyezoea "kitabu kizuri, vitabu vizuri" hashangai kivumishi kikifuata nomino. Kinachonitoa jasho ni miisho ya nomino. Kwetu mvuvi ni mvuvi, awe anaita au anaitwa. Nimeandika: luna vocat piscatorem, mwezi unamwita mvuvi. Nikageuza: piscatorem luna vocat. Maana ileile, kwa kuwa -em imeshasema nani anaitwa, na mizani ni nane kote kuwili. Kumbe miisho ndiyo inayompa mshairi ruhusa ya kuhamisha maneno mpaka mizani itimie.

Ijumaa, 14 Machi

Njia ya Msalaba, tumeimba Stabat Mater. Nimehesabu kimoyomoyo: nane, nane, saba. Nyumbani nikafungua Dies irae: mizani nane, vipande vitatu kina kimoja. Virgil alipima silabi ndefu na fupi, na sikio langu halizikamati. Watunzi hawa wa karne ya 13 wanahesabu kama sisi. Ongeza kipande cha nne, umepata ubeti wa utenzi.

Mwezi mpevu leo. Boti za dagaa zimelala ufukweni, maana penye mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Nikaandika:

Luna surgit super mare,
piscatores vult cessare,
rete iubet nunc siccare,
sub lucernis nullus piscis.

Mwezi wachomoza juu ya bahari, wataka wavuvi wapumzike, waagiza wavu uanikwe. Chini ya taa hakuna samaki.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya Misa nimepita kwa bibi wa jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Leo umeniletea nini?"

Katika usichana wake aliimba Dies irae misibani, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango wa Misa ya Kiswahili. Maneno hakuyaelewa, ila sauti anayo yote. Nikamsomea ubeti wangu taratibu. Akaufuatisha kwa sauti ya Dies irae, na kipande cha nne, ambacho wimbo ule hauna, akakirudishia sauti ya cha tatu. Hakukosea mkazo hata mmoja.

"Haya, wa pili uko wapi? Utenzi gani huu wa ubeti mmoja?"

Ana haki. Kina cha bahari, kile cha mwisho kinachorudi kila ubeti, nimeshakifunga kwa piscis, kwa hiyo ubeti wa pili lazima uishie -iscis. Kamusi ikanipa disco, discere, kujifunza. Vitenzi vya kundi hili la tatu, ukiacha surgit, nilikuwa navikwepa, kina kimenikamata. Kipande kimekuja: quid a luna, frater, discis? Unajifunza nini kwa mwezi, ndugu?

Kesho vitatu vya juu yake, na kina kisiwe -are tena. Vitenzi vya -are ni vingi mno, havinifundishi kitu kipya.