Barua ya Mtoto wa Tuscumbia

Siku kuu ya Noeli imepita, na katika nyumba nyingi karatasi za watoto zimebaki mezani na chini ya vitanda: barua kwa babu, barua kwa mwalimu, salamu kwa ndugu walio mbali. Kabla hazijatumika kuwashia moto jikoni, twawaomba mfuatane nasi katika safari fupi. Hatutapanda gari wala merikebu. Tutaongozwa na barua za mtoto mmoja, nazo zitatufikisha hata mlangoni pa kwao.

Mji wenyewe ni Tuscumbia, mji mdogo ulio kaskazini ya jimbo la Alabama, katika Marekani, karibu na mto Tennessee. Hapo pana nyumba nyeupe iitwayo Ivy Green, iliyojengwa mwaka 1820. Kando yake pana kijumba kidogo, na uani pana bomba la kuvutia maji kwa mkono. Siku hizi nyumba hiyo imehifadhiwa, na wageni huingia kuitazama. Lakini ukuta hausemi. Atakaye kujua waliokaa humo walikuwa watu gani, na asome barua.

Hapo alizaliwa Helen Keller, tarehe 27 Juni, 1880. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alishikwa na ugonjwa mkali. Akapona, walakini macho yake hayakuona tena, wala masikio yake hayakusikia. Akakua pasipo maneno, mwenye hasira nyingi, na wazazi wake hawakujua la kufanya. Tarehe 3 Machi, 1887, akafika mwalimu, Anne Sullivan, msichana wa miaka 20, ambaye mwenyewe utotoni alikuwa karibu kuwa kipofu, akakaa katika nyumba ya maskini. Huyo alimfundisha kwa kuandika herufi kwa vidole katika kiganja cha mkono. Hata mwezi wa Aprili, siku moja maji ya bomba yalipokuwa yakimwagika juu ya mkono mmoja, na jina la maji likiandikwa katika mkono wa pili, mtoto akafahamu ya kuwa kila kitu kina jina lake.

Barua yake ya kwanza ni ya tarehe 17 Juni mwaka ule ule. Aliiandika kwa penseli, karatasi ikiwa imelazwa juu ya ubao wenye mifereji ili mistari isipotee. Haina nukta wala herufi kubwa. Lakini tazameni yaliyomo: Simpson atapiga ndege; daktari atampa Mildred dawa; mama atamshonea Mildred nguo mpya. Kwa maneno hayo machache twajua kwamba nyumbani mle palikuwa na kaka mpenda kuwinda, na mdogo aliyehitaji dawa, na mama mwenye sindano mkononi.

Ndipo ikaja Noeli, na tarehe 2 Januari, 1888, Helen akamwandikia rafiki barua nyingine, ndefu zaidi. Asema ameuona mti wa Noeli wa watoto wa shule, wenye zawadi nyingi. Amepata kikombe, na ndege mdogo, na peremende. Nancy, mtoto wake wa bandia, amepata sanduku na nguo. Atakapokwenda Boston atamnunulia baba glavu, na James ukosi wa shati. Hao James na Simpson ni ndugu zake kwa baba, wana wa mke wa kwanza aliyefariki. Mildred analia. Mwalimu amerarua gauni lake. Na kuku wa jirani mmoja wamewaua kuku wa mwingine! Ni mwandishi gani wa historia angalituandikia habari ya kuku wale? Walakini ndivyo mji mdogo ulivyo.

Katika barua hiyo imo pamba pia. Aeleza kwamba wanaume na wanawake, wavulana na wasichana, huichuma mashambani. Hasemi ni watu gani. Nasi twasimama kidogo hapo, maana utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, miaka 15 tu kabla hajazaliwa, na baba yake, Kapteni Keller, alikuwa amepigana vita upande wa majimbo yaliyotaka kuushikilia. Pamba ya Alabama ilikuwa imelimwa miaka mingi kwa mikono ya watumwa. Mtoto aliandika aliyoyagusa na aliyoambiwa. Yaliyosalia ni juu ya msomaji mzima kuyatafuta.

Liko na jambo jingine asilolitaja. Siku moja kabla ya barua hiyo, mwalimu wake naye alikuwa amemwandikia rafiki yake, Bibi Hopkins, habari za Noeli. Kwa barua yake twajua kwamba chini ya ule mti Helen aliruhusiwa kuwagawia watoto zawadi. Zake mwenyewe aliziweka juu ya kiti, asiziguse hata kila mtoto apate. Kisha ikaonekana msichana mmoja amepata chache kuliko wenziwe, na Helen akashikilia kugawana naye. Mwalimu aeleza tena kwamba asubuhi ya Noeli mama alimshukuru Mungu kwa machozi kwa ajili yake, naye Kapteni alimshika mkono asiweze kusema neno. Katika barua ya mtoto hayo yote hayamo. Ahesabu alivyopewa, alichotoa hakukihesabu.

Helen alifika Boston mwaka ule wa 1888, kama alivyotumaini. Mwaka 1903 barua zake za utoto zilichapishwa pamoja na habari za maisha yake, na mwaka 1904 akamaliza masomo ya chuo kikuu kwa heshima. Akazunguka nchi nyingi akiwatetea vipofu, hata alipofariki mwaka 1968. Lakini barua zile hazikuhifadhiwa kwa sababu mwandishi wake alikuwa mashuhuri. Zilipopokewa alikuwa mtoto wa miaka sita au saba tu, na waliozipokea waliona inafaa kuziweka.

Basi, enyi wazazi na walimu, tuokote karatasi zile zilizo chini ya kitanda. Tusizisahihishe, kosa la mtoto nalo lina umri wake. Bali nyuma ya kila moja tuandike mstari mmoja kwa mkono wetu: tarehe, nani alikuwapo nyumbani, nani alikuwa mgonjwa, na jambo gani jema mtoto alilifanya asilitaje. Kisha tuziweke sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Wajukuu wetu watakapouliza sisi tulikuwa watu gani, watakuwa na pa kuanzia.