Kiporo cha saa nane usiku

Mizani yetu ilikuwa mlangoni, kando ya benchi la wagonjwa. Kila mtu alipima uzito mbele ya wenzake kabla hajaingia kwangu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kwa miaka mingi namba ikipanda nilifurahi, nikasema yale yanayosemwa na wote: "Dada, umenawiri!" Kwetu kunenepa ni kupona. Mtu aliyeletwa amekonda, macho yamemtoka, akirudi na mashavu tunamshukuru Mungu.

Neno hilo nilimwambia mama mmoja mwenye baipola, muuza vitumbua, mwezi wa nne tangu aanze dawa ya olanzapini. Alikuwa ameongezeka kilo 11. Hakutabasamu. Mwezi uliofuata hakuja, na uliofuata tena hakuja. Baadaye kaka zake wakamleta, sauti imemkauka kwa kuongea. Mama yake alinisimulia kwamba kwa siku nne mwanawe alikaanga vitumbua usiku na mchana akavigawa bure mtaa mzima, na yeye mwenyewe hakutia hata kimoja mdomoni.

Alipotulia aliniambia, "Sista, zile dawa zinanitia njaa ambayo si yangu."

Kila saa nane usiku alikuwa akiamka, anaingia jikoni peku asimwamshe mtoto. Anafunua sufuria na kula kiporo cha ugali gizani, amesimama, bila mboga, anafinyanga na kumeza mpaka tumbo linamuuma. Asubuhi anamsingizia paka. Vidonge alivimwaga chooni jioni ya siku ile niliyomsifu.

Sentensi ile ya njaa isiyo yake nimeibeba tangu wakati huo. Tulifundishwa kuuliza usingizi, kuuliza kama anasikia sauti, kuuliza mawazo ya kujiua. Chakula hatukukigusa, labda kwa kuwa jikoni tunapaona ni mahali pa mama mtu, si pa nesi. Kumbe ugonjwa huu unaingia hadi kwenye sahani. Mgonjwa hisia zikimpanda, hana muda wa kula, na njaa haisikii kabisa. Zikishuka, mwingine chakula kinamgeukia udongo mdomoni, mwingine anakula bila kuweza kujizuia, kisha anajichukia. Juu ya hayo tunaongeza dawa. Olanzapini huziba vipokezi vya histamini na serotonini kwenye ubongo, na mtu anakosa kuhisi kwamba ameshiba. Valproeti nayo huongeza uzito. Huo si uroho, na namwambia hivyo kila mzazi anayefunga kabati kwa kufuli. Kufuli linamfundisha mgonjwa kuiba; njaa inabaki palepale.

Kwa wanaotumia dawa ya lithiamu nina hofu nyingine. Mtu akiacha chumvi ghafla ili apungue, au akijitapisha, au akishinda bila maji, figo huizuia lithiamu nayo hujaa kwenye damu. Mikono inatetemeka, anapepesuka kama mlevi, anatapika na kuharisha. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Ndiyo maana kabla ya Ramadhani namuuliza kila anayeitumia kama ananuia kufunga, na namwomba aonane na daktari kwanza.

Siku hizi nauliza: "Jana usiku ulikula nini, na ulikula ukiwa wapi?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo inayofungua mdomo. Wengi huinamisha kichwa kwanza.

Mizani tumeihamishia ndani, nyuma ya pazia. Muuza vitumbua daktari alimbadilishia dawa polepole, na mama yake huacha uji kwenye chupa ya chai ili akiamka ale ameketi, taa ikiwaka. Zipo wiki anarudi gizani. Wiki iliyopita alipanda mizani akaipa namba kisogo, kama tulivyokubaliana. Niliiandika bila kuitamka. Akashuka, akavaa kandambili zake, akavuta kiti karibu nami.

"Sista, juzi niliamka tena," akasema. "Nikamwamsha mama."