Noti Mbili Zinatosha

Nilijifunza kinanda kanisani, katika usharika mdogo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mahali ambapo hapakuwa na gitaa la besi wala ngoma. Palikuwa na kwaya, kitabu cha nyimbo na kinanda kimoja. Mkono wangu wa kushoto ulibeba nyumba nzima: ulipiga besi, ulishika mapigo, uliwarudisha njiani waimbaji walioteleza. Mwalimu wangu alinisifu kwa uzito wa mkono huo, nami nikakua nikiamini kwamba bidii ya mpiga kinanda hupimwa kwa wingi wa noti anazozijaza huko chini.

Imani hiyo ilivunjika Chicago, nilikokwenda kusomea shahada ya uzamili. Wanafunzi wenzangu walikuwa na bendi ndogo ya jazi, wakanikaribisha. Usiku wa kwanza wa mazoezi, zamu yangu ya kupiga solo ilipofika, nilifanya kama nilivyozoea: mkono wa kulia ukabuni, wa kushoto ukajenga msingi mzito. Katikati ya wimbo mpiga besi aliondoa vidole kwenye nyuzi, akatulia. Wimbo ulipokwisha nikamwuliza kama anaumwa. Akanijibu kwa upole kwamba haumwi. Ila kazi yake nilikuwa nimekwisha kuichukua, naye hakuona sababu ya kuendelea.

Jibu lile liliniuma kuliko karipio. Wiki iliyofuata nikavuka mpaka wa pili: nikauzuia mkono wa kushoto usiguse chochote. Solo yangu ikapeperuka kama kishada kilichokatika uzi. Ndipo mpiga besi alipokaa nami kwenye kinanda, akanifundisha somo ambalo sijaacha kulitafakari.

Alianza na sababu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Do ya katikati ya kinanda kama mara 262. Huko chini, noti mbili zikikaribiana hazisikiki tena kama mbili, hugeuka mvumo. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo mkono wa kushoto upande, ukae jirani na do ya katikati, na mzizi wa akodi uachwe kwa mwenye besi.

Kisha akanionyesha kinachobaki. Chukua akodi tatu ambazo nyimbo nyingi za jazi huzunguka humo: ya re, ya so, na ya do. Akodi ya re ni re, fa, la, do. Mzizi, yaani re, mwachie mpiga besi. La haibadilishi tabia ya akodi, iache pia. Zimebaki fa na do, ya tatu na ya saba. Ya tatu husema kama akodi ina uso wa furaha au wa huzuni. Ya saba husema inaelekea wapi. Sasa nenda kwenye akodi ya so: fa haisogei, do inashuka hatua moja ndogo kuwa ti. Nenda kwenye akodi ya do: ti haisogei, fa inashuka kuwa mi. Fa na do, fa na ti, mi na ti. Vidole viwili, na kila mara kimoja tu ndicho kinachohama. Zipige kwa ufupi, pale mkono wa kulia unapovuta pumzi.

Aliyezoea anaweza kuongeza: fa, la, do, mi kwa akodi ya re, fa, la, ti, mi kwa akodi ya so, mi, so, ti, re kwa akodi ya do. Mzizi bado haupo. Sikiliza rekodi ambazo Bill Evans alifanya Village Vanguard, New York, mwaka 1961, akiwa na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma. Mara nyingi kinanda kinaacha sakafu wazi, na LaFaro anatembea juu yake kama mtu huru, si mtumishi.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa, mwanachama wa ushirika ambao wazee wa Kilimanjaro waliuunda mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirejesha. Siamini kwamba nia ilikuwa mbaya. Ulikuwa mkono wa kushoto uliozoea kupiga peke yake. Lakini miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, nilimsikia baba akilalamikia kinyume chake: sasa hakuna aliyesimamia mizani wala ubora. Kwanza tulijaziwa noti zote, kisha tukanyang'anywa hata zile mbili.

Ningependa kuishia hapo, nikiinyoshea serikali kidole. Lakini nilipokuwa mkuu wa idara, nilitunga mitaala peke yangu, niliandika mihtasari ya vikao, nilijibu hata maswali ya wanafunzi yaliyoelekezwa kwa wenzangu. Niliita hayo kujituma. Mhadhiri mmoja kijana, mwerevu kuliko sisi wengi, alianza kunyamaza vikaoni, kisha akaomba uhamisho. Nilipomwuliza sababu, alinipa jibu lile lile nililopewa Chicago, ila kwa Kiswahili.

Hakurudi. Nilichoweza kufanya ni kubadili namna ya kuendesha vikao vilivyobaki. Nilijiwekea mambo mawili: kusema tunaelekea wapi, na kuhakikisha kila mmoja anatendewa haki. Mengine yalikuwa na wenyewe. Mwanzoni ukimya ulinitisha, nikadhani kazi imesimama. Kumbe wenzangu walikuwa wanasikiliza kama kweli nimeondoa mkono.