Añelo: Mji uliokalia gesi ukanunua mitungi

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Juma hili, msomaji mpenzi, nifuate hadi mahali ambapo gesi imejaa tele chini ya ardhi, lakini mama wa nyumbani amekuwa akihangaika na mtungi wa gesi sawa na wewe unavyohangaika nao Kayole au Kongowea. Mahali penyewe ni Añelo, mji mdogo ulio katika mkoa wa Neuquén nchini Argentina, Amerika Kusini. Jina hilo hutamkwa Anyelo.

Huenda ukauliza, kuna nini huko cha kutupeleka mbali hivyo? Kuna somo, tena la kila nyumba. Ni somo la mtu aliyegundua mali chini ya kitanda chake wakati mfukoni hana hata nauli ya kesho.

Njia ya kwenda

Ukishuka katika jiji kuu la Buenos Aires, una hiari mbili. Ukiwa na pesa, utapanda ndege na kufika jiji la Neuquén kwa muda usiozidi saa mbili. Kama mfuko ni mwepesi utapanda basi. Safari ni ya zaidi ya kilomita elfu moja, kwa hivyo utalala humo na kuamkia humo. Nje ya dirisha utaona tambarare za majani na ng'ombe zisizokwisha, na kadiri unavyokwenda majani yatapungua, miti itatoweka, nchi ibaki vichaka na vumbi. Ikiwa umewahi kusafiri kutoka Isiolo kwenda Marsabit, hali hiyo haitakuwa ngeni kwako, ila huko baridi ya mwezi wa Julai hupenya hadi kwenye mifupa. Usisahau koti.

Jiji la Neuquén limejengwa mahali ambapo mito miwili, Limay na Neuquén, inakutana na kuzaa mto wa tatu, Río Negro, yaani Mto Mweusi. Maji hayo ndiyo uhai wa bonde zima. Pande zote mbili za barabara utaona mashamba ya matofaa na mapeasi yaliyopangwa kwa mistari, yakikingwa na miti mirefu isiangushe matunda kwa upepo. Ukipita San Patricio del Chañar utaona pia mashamba ya mizabibu.

Kisha kijani kinakatika ghafla. Unabaki na uwanda mkavu, miinuko ya udongo mwekundu, na malori. Malori ya mchanga, malori ya maji, malori ya mabomba ya chuma, na magari madogo ya wafanyakazi yakipishana nayo. Baada ya kilomita mia moja hivi kutoka Neuquén, umefika Añelo.

Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilikuta wakazi wasiofika elfu tatu. Kilikuwa kijiji cha wafugaji wa mbuzi na wakulima wa kando ya mto. Wafugaji hao bado wapo nje ya mji, na mbuzi mchanga wa kuchoma ni fahari ya mkoa huo. Mkenya hatajihisi mgeni mbele ya moto ule. Lakini Añelo yenyewe imebadilika. Idadi ya watu imezidi ile ya zamani mara kadhaa, na juu ya uwanda, nyuma ya mji wa zamani, mitaa mipya imechipuka. Kuna mahoteli, kuna kasino, kuna kambi za wafanyakazi wanaokaa kazini siku kumi na nne mfululizo kisha wakarudi makwao kwa juma moja.

Ng'ombe mfu mwenye maziwa

Sababu ya yote hayo inaitwa Vaca Muerta. Kwa Kihispania, maana yake ni Ng'ombe Mfu. Ni jina la safu ya vilima, na mwaka 1931 mtaalamu wa miamba kutoka Marekani, Charles Weaver, aliutumia kuutaja mwamba aliouchunguza hapo. Mwamba huo ni tope la bahari ya kale, lililogandamana miaka milioni 140 hivi iliyopita, na umeenea chini ya eneo la kilomita mraba zipatazo elfu 30.

Gesi ya kawaida hukaa katika mwamba wenye vitundu vidogo vidogo mithili ya sifongo. Ukitoboa, inapanda yenyewe. Neuquén ilikuwa na gesi ya namna hiyo pia. Uwanja wa Loma La Lata, uliogunduliwa mwaka 1977, uliwasha majiko ya Argentina kwa miaka mingi. Lakini gesi ya Vaca Muerta imefungiwa ndani ya mwamba wa tope usiopitisha kitu. Kuipata, wachimbaji huteremka karibu kilomita tatu, wakapinda, wakaendelea kuchimba kwa ubavu kilomita mbili au zaidi. Halafu husukuma mamilioni ya lita za maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali, kwa nguvu kubwa mno, hadi mwamba upasuke. Mchanga hubaki ukizuia nyufa zisijifunge. Mchanga huo kwa miaka mingi umeletwa kwa malori kutoka mkoa wa Entre Ríos, zaidi ya kilomita elfu moja.

Mwaka 2013, idara ya takwimu za nishati ya serikali ya Marekani ilikadiria kwamba Argentina ina futi za ujazo trilioni 802 za gesi ya miamba ya aina hii inayoweza kuchimbwa. Ni nchi moja tu, Uchina, iliyotajwa kuwa na zaidi. Trilioni 308 kati ya hizo zilisemekana kuwa Vaca Muerta.

Sasa tega sikio, kwani hapa ndipo penye siri ya mambo. Kisima cha gesi ya kawaida ni kama ng'ombe mtulivu anayekamwa mwaka baada ya mwaka. Kisima cha mwamba wa tope hutoa maziwa mengi miezi ya kwanza, kisha hupungua upesi. Ukitaka maziwa yasikatike, lazima ununue ng'ombe mwingine, na mwingine, na kila ng'ombe ni mamilioni ya dola. Kwa hivyo biashara hii humtaka mtu anayeamini kwamba kesho bei itakuwa ile ile, sheria itakuwa ile ile, na pesa zake atazipata. Na kesho ndicho kitu ambacho Argentina imekosa kwa muda mrefu.

Nchi isiyoijua kesho

Hadi mwishoni mwa mwaka 2001, peso moja ilikuwa sawa na dola moja. Kisha nchi ikashindwa kulipa madeni, peso ikaanguka, na serikali ikazuia bei ya gesi isipande ili mwananchi asiumie zaidi. Mwananchi alipata nafuu, lakini wachimbaji walipunguza kuchimba. Kufikia mwaka 2004, Argentina ilianza kuinyima Chile gesi iliyoahidi kuiuzia. Mwaka 2008, nchi iliyokuwa ikiuza gesi ikaanza kuinunua kwa meli.

Mwaka 2012, serikali ya Rais Cristina Fernández de Kirchner ilichukua asilimia 51 ya kampuni ya mafuta ya YPF kutoka kwa Repsol ya Uhispania. Mwaka uliofuata YPF ikatia sahihi mkataba na Chevron ya Marekani kuchimba Loma Campana, karibu na Añelo. Siku bunge la mkoa lilipokuwa likiujadili mkataba huo, mwezi Agosti 2013, waandamanaji walikabiliana na polisi nje. Miongoni mwao walikuwamo Wamapuche, wenyeji wa asili, ambao jamii yao moja ilikuwa ikidai ardhi papo hapo Loma Campana.

Mwaka 2017 serikali iliahidi bei nzuri kwa gesi mpya ya Vaca Muerta, hazina ikijalizia tofauti. Kampuni ya Tecpetrol iliingia kwa pupa katika uwanja wa Fortín de Piedra, na gesi ikapanda kuliko ilivyotarajiwa. Lakini mwaka 2018 peso ikaporomoka tena, na nchi ikakopa kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanzoni mwa 2019 serikali ikasema haiwezi kulijalizia lote lililochimbwa. Kampuni ikaenda mahakamani na kupunguza kasi ya uchimbaji. Yaani kisima kilifaulu kupita kiasi cha mfuko wa aliyeahidi kulipa!

Halafu ukaja mwaka 2020 na maradhi ya korona. Mwezi wa Aprili kazi ya kupasua miamba ilisimama kabisa Vaca Muerta. Hebu fikiria mji ambao kila chumba, kila kibanda cha chakula na kila karakana inamtegemea mtu mwenye helmeti, na ghafla mtu huyo haji.

Wauguzi wafunga barabara

Usidhani kwamba mambo yakinyooka basi kila mtu hushiba. Katika mji wa gesi, bei ya nyumba hupangwa kwa kumtazama mfanyakazi wa mtamboni. Mwalimu na muuguzi huingia soko hilo hilo wakiwa na mshahara wa serikali, tena wa peso. Na peso haikai. Mwaka 2023 mfumko wa bei ulifika asilimia 211. Maana yake, kilichouzwa peso 100 mwanzoni mwa mwaka kilikuwa kikiuzwa zaidi ya 300 mwaka ulipokwisha. Ndiyo sababu Mwargentina akipata akiba huikimbiza kwenye dola.

Mwezi Aprili 2021 wahudumu wa afya wa mkoa huo walichoka. Waliziba barabara ziendazo visimani, wakalala hapo kwenye vumbi na baridi kwa majuma kadhaa. Malori ya mchanga hayakupita, wala ya maji. Majira ya baridi yalikuwa yakikaribia na nchi nzima ilihitaji gesi. Walirudi kazini baada ya kupata nyongeza ya zaidi ya asilimia 50. Muuguzi ambaye hakusikika hospitalini alisikika alipoligusa bomba.

Kuna wengine wanaosikiliza ardhi yenyewe. Katika kijiji cha Sauzal Bonito, kando ya mto Neuquén, wakazi wamekuwa wakilalamikia mitetemeko midogo iliyotia nyufa kuta zao, hasa tangu mwaka 2019, nao huihusisha na upasuaji wa miamba. Na katika mitaa mipya ya Añelo, ile ya juu ya uwanda, familia zimekaa kwa miaka bila kuunganishiwa bomba la gesi. Wamenunua mitungi na kuni ilhali usiku wakitazama miali ya gesi ikiungua bure juu ya visima.

Bomba na barua ya benki

Ni kweli pia, na haki itendeke, kwamba hazina hiyo imeanza kuinufaisha nchi. Tarehe 9 Julai 2023 lilifunguliwa bomba la kilomita 573 kutoka Tratayén, si mbali na Añelo, hadi Salliqueló katika mkoa wa Buenos Aires. Mwaka 2022 Argentina ilitumia zaidi ya dola bilioni 4 kununua nishati kuliko ilizopata kwa kuiuza. Mwaka 2024 mizani iligeuka: ilibakiwa na zaidi ya bilioni 5. Mwaka 2025 gesi ya Vaca Muerta ilianza kufika Brazil kupitia Bolivia, na kampuni kadhaa zikaamua kuleta meli ya kuigeuza gesi kuwa kiowevu kwa baridi kali katika ghuba ya San Matías, kazi iliyopangiwa kuanza mwaka 2027.

Hata hivyo, sikiliza kisa cha mwishoni mwa Mei 2024. Serikali mpya ya Rais Javier Milei ilikuwa imefunga mkoba, na mitambo ya kuisukuma gesi kwa nguvu zaidi katika bomba lile jipya haikuwa imekamilika. Baridi ikaja mapema. Gesi ikapungua, viwanda vikakatiwa, na madereva wa teksi, ambao wengi magari yao hutumia gesi, wakakosa ya kujaza. Meli ilikuwa imefika na shehena kutoka kwa muuzaji wa Brazil, lakini barua ya dhamana ya benki haikukubaliwa mara moja. Meli ikangoja, nchi ikatetemeka. Hazina kubwa namna ile chini ya ardhi, na karatasi moja ya benki ikaizidi nguvu!

Safari yetu inaishia hapo, msomaji. Ukirudi njia ile ile, mashamba ya matofaa yatakupokea tena, na huenda ukajiuliza kama nilivyojiuliza: gesi ikiisha, au bei ikianguka, Añelo itabaki na nini? Matofaa yatazaa tena mwakani. Kisima hakizai mara ya pili.

Nasi huku kwetu tumekwisha kusikia ngoma hiyo. Tangu mafuta yalipogunduliwa Turkana mwaka 2012 tumeota ndoto nyingi, na jirani zetu wa Mtwara walikwisha kuandamana mwaka 2013 wakipinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Si vibaya kuota. Lakini jioni ya leo utakapoutikisa mtungi wako kupima kilichobaki, mkumbuke yule mama wa Añelo anayeutikisa wake huku ameikanyaga gesi. Kuwa na mali ni jambo moja, kuaminika kesho ni jingine, na kumkumbuka anayeishi juu ya mali hiyo ni la tatu. Palipo la kwanza bila hayo mawili, chungu hubaki baridi.