Kutoka Moshi hata Rabai kwa Motokaa

Wengi wenu mmesafiri mbali kuliko mimi, tena kwa ndege, wala safari hii si ya kujivunia urefu wake. Lakini waalimu wenzangu waliniuliza habari zake mara nyingi, nami niliwaahidi kwamba nitaiandika.

Nilipokuwa kijana nalisoma chuo cha makatekista katika pwani ya Kenya. Chumbani tulikuwa watatu: mimi niliyetoka Moshi, mwenzangu mmoja Mtaita wa Wundanyi, na wa tatu mtu wa Rabai. Katika likizo fupi sikuwa na nauli ya kufika kwetu, basi nalikwenda kwao yule Mtaita, na mama yake akanilisha kama mwanawe. Alinifundisha Kidawida kidogo, akacheka sana nilipokosea, akaniita "mwanangu wa ng'ambo ya mlima."

Mama yule alifariki mwezi wa Juni mwaka 2020. Mwezi uliotangulia, tarehe 16 Mei, serikali ya Kenya ilikuwa imefunga mpaka wake na Tanzania kwa ajili ya maradhi ya korona, isipokuwa kwa mizigo. Basi sikwenda mazikoni, wala hapana aliyenilaumu. Hata mpaka ukafunguliwa, nami sikwenda. Mwaka wa kwanza nalisema ni mvua. Wa pili nalisema ni karo za watoto. Wa tatu nikaona haya, na haya ile ikawa kizuizi kikubwa kuliko mpaka. Mwenzangu aliponipigia simu tulizungumza habari za mahindi na za shule, tukaipita ile habari kando, kama watu wapitao shimo njiani.

Ndipo mke wangu aliponiambia, "Kutoka hapa hata Taveta ni karibu kuliko Same. Same umekwenda mara ngapi?" Sikuwa na neno la kumjibu. Nikaazima motokaa ya shemeji yangu, nikatia kilo tano za kahawa, sukari, na mkungu wa ndizi, nikaondoka alfajiri ya siku moja ya Agosti mwaka 2024.

Njia yafika Himo, ndipo hugawanyika: moja hupanda Marangu, moja huenda Same, na moja huelekea Holili. Tangu mwaka 2016 pana utaratibu mwema mpakani. Mtu aendaye Kenya hasimami Holili. Hupita moja kwa moja hata Taveta, na huko maofisa wa nchi zote mbili huketi katika jengo moja. Pasi yangu iligongwa mhuri upesi, nikafurahi. Furaha ile haikudumu, maana ofisa mmoja aliitazama kadi ya motokaa, akauliza, "Mwalimu, jina hili ni lako?" Nikasema, "La, ni la shemeji." Akasema, "Basi barua yake ya kukuruhusu i wapi?" Barua sikuwa nayo. Nalikaa pale saa tatu nzima, hata shemeji akaamka, akaandika barua, akatafuta mwanasheria wa kuitia mhuri, akaituma kwa simu. Ofisa hakunifokea hata mara moja, nami nasema haki ilikuwa yake. Magari ya wizi nayo hupita njia hizi. Ninyi mtakaoazima motokaa kuvuka mpaka, shikeni barua hiyo kabla ya kutia mafuta, na bima ya nchi ya pili pia.

Nilipokuwa nikingoja niliutazama mlima, nikaufikiri mpaka wenyewe. Umechorwa kama kwa rula kutoka upande wa bahari, lakini ufikapo Kilimanjaro wapinda na kuuzunguka. Watu husimulia kwamba Malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake mlima kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo yapendeza, ila si kweli. Ni mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1886. Wataveta na Wachaga waliuziana vitu sokoni kabla ya mapatano hayo, na hata leo huuziana.

Baada ya Taveta nchi yawa kavu. Kando ya njia pana kilima cha Salaita, ambapo tarehe 12 Februari mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipigwa na majeshi ya Wadachi, na ndani ya majeshi ya pande zote mbili walikuwamo Waafrika wengi. Reli iliyojengwa kutoka Voi kwa ajili ya vita hivyo ingaliko, lakini nilipopita nyasi zilikuwa zimeota kati ya vyuma. Njia ya motokaa sasa ni ya lami, nayo yapita ukingoni mwa mbuga ya Tsavo. Nalisimama kuwapisha tembo saba, wekundu kwa udongo wa nchi ile, wakavuka polepole wasinitazame.

Toka Mwatate nikapanda milimani kwa njia ya kupinda-pinda. Kadiri nilivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na moyo wangu ukawa mzito. Mwenzangu alinipokea njiani, akanikumbatia. Mvi zimemjaa, nami aliniambia nimenenepa. Lakini baba yake, mzee wa miaka themanini na zaidi, alikuwa ameketi barazani, hakuinuka.

Nikasema, "Shikamoo, Baba."

Akajibu, "Marahaba." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mpaka ulifungwa miezi. Wewe ulikaa miaka."

Nilikuwa nimeyatengeneza maneno yangu tangu Himo, hata mistari ya kunukuu nalikuwa nayo, kama ilivyo desturi yetu makatekista. Yote yakanipotea. Nikasema tu, "Ni kweli, Baba. Nimekosa." Hakusema kwamba si neno. Alimwita mjukuu, akaagiza jembe na panga, akanionyesha kwa fimbo nyuma ya nyumba, palipo migomba. Kaburi lilikuwa limemea magugu tangu mvua za masika. Mimi na mwenzangu tukalipalilia hata jioni, hatukuzungumza sana. Tuliporudi tumechafuka mikono, mzee alikuwa amekwisha kuamuru kahawa yangu itwangwe, naye akaniuliza kama mama yangu mzazi yu hai. Hapo nikajua naweza kukaa.

Nililala usiku wa pili, kisha mimi na mwenzangu tukashuka Voi, tukashika njia kuu ya Mombasa yenye malori yasiyo na mwisho. Penye Mazeras tukaiacha kwenda Rabai. Yule wa tatu alikuwa hajui kama naja, mwenzangu alimficha. Alipotuona wawili mlangoni alipiga kelele hata majirani wakatoka kuuliza nani amekufa. Asubuhi akatupeleka kuiona nyumba ya Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai tangu 1846 hata 1875, akaondoka amepofuka. Mwaka 1848, mwezi wa Aprili, alitoka hapo kwa miguu na Bwana Kheri, kiongozi wake, akapita Taita, akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei. Mtu wa Rabai akanigeukia akasema, "Yeye alifika kwenu kwa miguu. Nawe mwenye lami, twakungoja tangu lini?" Tukacheka, lakini mimi nalicheka kidogo kuliko wao.

Tuliporudi Wundanyi mzee alisema niende tena siku za Krismasi, tena na mke wangu, maana hajamwona bado. Shemeji nimekwisha kumwomba motokaa, pamoja na barua. Hajanijibu.